Kabla ya kuandika "Kindly avail"

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie kitenzi kimoja cha Kiingereza ambacho hapa Malindi hakikosekani katika barua ya ofisi, tangazo la ukutani wala ujumbe wa kamati ya harusi. Kitenzi chenyewe ni "avail". Mhasibu anayetaka risiti huandika "Kindly avail the receipts". Anayeita watu kwenye usaili huandika "Avail yourself at the office at 8 a.m." Muuza barafu huwaahidi wenye mashua kwamba "ice will be availed". Sentensi zote tatu twazielewa bila taabu. Mwingereza akizisoma, zote tatu zitamkwaza, kwa sababu katika Kiingereza cha kwao kitenzi hiki hakifanyi kazi hata moja kati ya hizo.

Sisemi kwamba wanaoandika hivyo hawakusoma. Matumizi hayo yameenea Kenya nzima, kwa makarani na kwa mawakili, na yakibaki baina yetu hayana madhara makubwa. Watu wa Ayalandi wana namna yao ya kukitumia kitenzi hiki, Wahindi wana yao, nasi tuna yetu. Shida huanza barua inapovuka mpaka, au panapoingia fedha, au karatasi inapofika mbele ya msahihishaji wa mtihani.

Katika Kiingereza sanifu "avail" ni kuitumia nafasi, huduma au haki ambayo tayari imewekwa mbele yako. Tena hakisimami peke yake. Anatangulia mtendaji, kinafuata kitenzi, halafu neno la "-self" linalomrudia mtendaji yuleyule, kisha "of" pamoja na kile kinachotumiwa. "Guests may avail themselves of the hotel boat." Wageni wakipenda wanaweza kuitumia boti ya hoteli. Ukiondoa "themselves" au "of", umetoka katika Kiingereza sanifu na kuingia katika Kiingereza cha nchi fulani, na hapo msomaji wa nchi nyingine huanza kubahatisha.

Mswahili hana sababu ya kuistaajabia hiyo "-self", maana sisi tunayo "ji-". Tunasema kikundi kimejinufaisha na mkopo, kwa Kiingereza, "The group availed itself of the loan." Maana zimekaribiana mno. Lakini mtego umo humo humo, kwani sisi hujinufaisha "na" kitu au "kwa" kitu, basi mwandishi akifika kwenye kihusishi huitafsiri ile "na" akaandika "We availed ourselves with the offer". Hapana. Ni "of" peke yake. "With" haiingii, wala "from", wala "to".

Kwa vijana wa Malindi na Watamu wanaozungumza Kiitaliano ufukweni, njia ni fupi zaidi. Kiitaliano kina "avvalersi di". Ile "-si" ya mwisho ndiyo "ji-" yetu, na "di" ndiyo "of". "Avvalersi di una guida" ni kutumia huduma ya mwongozaji. Vitenzi hivi viwili ni ndugu wa damu, wote wametoka katika "valere" ya Kilatini, yaani kuwa na nguvu au thamani, na mzizi huo bado wasikika Mwitaliano anapouliza "quanto vale?" akitaka kujua thamani ya kitu. Kiingereza kiliuchukua kupitia Kifaransa cha kale, yapata miaka 700 iliyopita, na ndio uliozaa pia "value", "valid" na "prevail". Kwa hiyo maana ya asili ya "avail" ni kufaa, kusaidia. Katika ukoo wote huo sioni penye kuleta, kutoa wala kukabidhi.

Sasa hiyo maana yetu ya kuleta ilitoka wapi? Mimi nailaumu "available". Kutwa twaisikia: chumba kipo, daktari yupo, nafasi ya basi ipo. Mtu akiikata "-able" anabakiwa na "avail", naye anaona kama "available" ni cha kupatikana, basi "avail" ni kukifanya kipatikane. Ni hesabu ya mtu mwenye akili, ila Kiingereza hakiendi hivyo. "Washable" ni nguo inayoweza kufuliwa, na "wash" ni kufua. Si kuifanya nguo iwe ya kufulika. Anayetaka kusema kukifanya kitu kipatikane ana maneno mawili ya kazi hiyo, "make available": "The report will be made available on Monday."

Mnaweza kuniuliza: madamu tunaelewana, taabu iko wapi? Soma sentensi hii ya maneno matano: "The buyer will avail transport." Mkenya anaelewa kwamba mnunuzi ndiye atakayetoa gari. Mhindi, ambaye kwao "avail" bila "-self" na bila "of" ni kutumia au kuchukua, anaelewa kwamba mnunuzi atatumia gari lililotolewa na mtu mwingine. Maneno ni yale yale, na gari limehama upande mmoja wa mkataba hadi upande wa pili. Anayeagiza vipuri vya injini kutoka Mumbai ana sababu ya kuliangalia hili kabla hajatia sahihi. Mambo ni hayo hayo kwa punguzo la bei. Tangazo la Kihindi linalosema "avail 10 per cent discount" linakwambia uchukue punguzo. Barua ya Kenya inayosema "we shall avail a discount" inaahidi kulitoa.

Hata sisi wenyewe, kuelewana kwetu si kamili kama tunavyodhani. Tuangalie biashara ya samaki. Makubaliano yameandikwa "The supplier will avail 20 blocks of ice at 5 a.m." Muuza barafu amekusudia kwamba saa kumi na moja alfajiri vipande 20 vitakuwa tayari kwake, njoo na mkokoteni wako. Mwenye mashua amekusudia kwamba vitaletwa hadi mashua inapopakia. Kunakucha kila mmoja anamngoja mwenziwe, huku nguru na changu wanapigwa na joto. Hakuna aliyedanganya. Sentensi haikusema nani anabeba. Andika "will deliver 20 blocks of ice to the jetty" kama barafu inaletwa. Andika "will have 20 blocks of ice ready for collection at the factory" kama inafuatwa. Tena aliyeandika ndiye mwenye kuumia zaidi ubishi ukifika mbali, kwa sababu mahakama zinazofuata mkondo wa sheria wa Kiingereza, zetu zikiwamo, zina kanuni kwamba maneno ya mkataba yenye utata yaweza kusomwa dhidi ya upande ulioyaandika.

Msafiri wa Lamu naye hayuko salama. Ameandikiwa "A boat will be availed at Mokowe". Anashuka kwenye basi na mizigo yake, boti anaiona, lakini je, ni ya bure, ni ya kukodi, au ni ya abiria yenye nauli ya kila siku? Kitenzi kimemwambia tu kwamba boti itakuwapo. "Our boat will meet you at Mokowe, there is no charge" inamaliza maneno yote hayo kwa mstari mmoja.

Panaponiudhi zaidi, Mhariri, ni katika taarifa za fedha za umma. "Funds were availed" imekuwa sentensi ya kawaida katika ripoti, nayo inafunika hatua tatu ambazo mlipa kodi ana haki ya kuzitofautisha. Fedha zikitengwa kwenye bajeti, neno ni "allocated". Zikitolewa kutoka kwenye akaunti, neno ni "released" au "disbursed". Zikifika kwa mwenyewe, neno ni "received". Kati ya hatua ya kwanza na ya tatu panaweza kupita mwaka mzima, na panaweza kupotea mengi. Mzazi akiambiwa "bursaries were availed to 40 students" hajui kama majina yamepitishwa, hundi zimeandikwa, au karo imeshaingia shuleni. Waandishi wa habari wasiinakili sentensi hiyo ilivyo. Wamuulize msemaji ni ipi kati ya hizo tatu. Kisarufi pia ina kasoro. Katika Kiingereza sanifu anayepokea tendo la "avail" ni yule "-self", ni mtendaji mwenyewe, kwa hiyo huwezi kuigeuza sentensi ukazianza fedha mbele na kusema "zilifanywa avail".

Dawa yake si ngumu. Kabla hujaandika Kiingereza, jiulize kwa Kiswahili unataka nini hasa. Ukitaka mtu alete kitu, andika "bring", au "send" ikiwa anakituma. Ukitaka akuonyeshe kitambulisho, andika "show", na kwa lugha ya afisi "produce". Fomu ya kuwasilisha ni "submit". Karatasi ya kuambatisha ni "attach". Gari, chakula au mahema ya kutolewa na mtu ni "provide". Funguo za kukabidhi ni "hand over". Kiswahili chako chenyewe kimekuonyesha kwamba hayo ni mambo mbalimbali, nawe ulikuwa karibu kuyatia yote katika "avail" moja. Ni pale tu jibu lako linapokuwa "kuitumia nafasi iliyopo" ndipo kitenzi hiki kinastahili kuitwa.

Kuna na kipimo cha pili, cha haraka. Mahali pa "avail yourself of" weka "make use of", uisome tena sentensi. "Guests may make use of the hotel boat" inasimama. "Kindly make use of the receipts" imemwambia mtu azitumie risiti, wala hukukusudia hivyo.

"Avail yourself at the office" ni ugonjwa wa peke yake. Mwandishi amekumbuka "yourself" akasahau "of", na maana imekuwa "jilete". Kama mtu lazima afike, andika "Please come to the office at 8 a.m.", au kwa barua rasmi "You are required to attend an interview at 8 a.m." Kama unataka tu asiwe na shughuli nyingine siku hiyo, ili akihitajika apatikane, andika "Please be available on Saturday." Hizi mbili si sawa. Wa kwanza anatoka nyumbani. Wa pili anakaa karibu na simu.

Hata ukikipanga kitenzi sawasawa, kuna mahali hakifai. "Avail oneself" ni hiari. Anayeambiwa hivyo anaweza kukubali au kukataa, wala hakuna wa kumlaumu. Ndiyo maana hakifai kwenye amri ya usalama. Kibao cha boti kinachosema "Passengers should avail themselves of life jackets" sarufi yake haina kosa, lakini msomaji atadhani jaketi okozi ni takrima. Bahari ya Lamu, hasa wakati wa kusi, haitaki takrima. "Wear your life jacket" inatosha.

Vilevile angalia unachokiweka baada ya "of". Kiwe ni fursa, huduma, haki, punguzo, ushauri; kitu ambacho kimeshatolewa na mwenyewe. Ukisema "He availed himself of two kilos of prawns", Mwingereza atacheka kidogo, kwa kuwa kwake hiyo ni namna ya adabu ya kusema jamaa alijichukulia kamba bila kuombwa wala kuomba. Tena baada ya "of" usitie kitenzi kingine. "Avail yourself of to visit the museum" haijengeki. Tia nomino katikati, "avail yourself of the chance to visit the museum".

Neno la "-self" nalo lina makosa yake, na lililo maarufu ni la wingi. Mkuu wa shule anawaandikia wazazi wote, "All parents should avail yourself of the free clinic." Wazazi ni wao, basi ni "themselves". Akiwakabili moja kwa moja, "Please avail yourselves", kwa "-selves", kwa kuwa ni wengi. "Each parent" humlazimisha mwandishi kuongeza "himself or herself", sentensi ikawa nzito bure. Afadhali aanze na "Parents" kwa wingi, mambo yakaisha.

Na je, katika mazungumzo ya kila siku? Mimi ningekiacha. Kumwandikia jirani "You may avail yourself of my ladder" ni kama kwenda sokoni kununua dagaa umevaa joho. "You can use my ladder" ina heshima yote inayohitajika. Wapo wanaokitumia kwa mzaha, baina ya watu wanaojuana, na kwa mzaha kinapendeza. Kazi yake halisi iko kwenye kitabu cha mgeni chumbani hotelini, kwenye barua ya wakili anayetaja haki ya mteja wake, kwenye masharti ya bima, na kwenye hotuba. Mtahiniwa wa KCSE anaweza kukihitaji mara moja katika barua rasmi ya karatasi ya kwanza, kwenye ule uandishi wa kiuamilifu wenye alama 20, lakini akiwa hana hakika na "-self" na "of", "use" haitampunguzia kitu.

Kwa matangazo ya ukutani nina shauri jingine. Katiba ya 2010, ibara ya 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni kwa nini mkaazi wa Malindi afike dirishani asome "Kindly avail original ID and two copies of the same", ilhali "Leta kitambulisho halisi na nakala mbili" ni fupi na haina wa kuuliza. Kwa wageni weka chini yake "Bring your original ID and two photocopies." Hiyo "of the same" nayo ingefaa ipumzishwe.

Limebaki umbo la nomino, "to no avail", ambalo hata wasomi wetu hulikosea. Maana yake ni bila mafanikio, na mahali pake pa kawaida ni mwisho wa sentensi, baada ya jitihada kutajwa: "We called the harbour three times, to no avail." Jitihada itajwe kwa kukubali. Ukiandika "We could not start the engine to no avail" umekanusha mara mbili, kwa kuwa kushindwa kulikuwa kumeshasemwa na "could not". Sema "We tried to start the engine, to no avail". Baada ya "is" au "was" hugeuka kuwa "of no avail", kama katika "His protests were of no avail". Hakuna "in no avail" wala "for no avail". Ukitaka kusema ilisaidia kidogo tu, ni "to little avail".

Kwa sikio, "avail" haitofautiani na "a veil", yaani ukaya, mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili. Ndiyo sababu wanafunzi wengine huandika "to no veil". Na wakati uliopita ni "availed", kwa herufi l moja, hata kwa Mwingereza anayeandika "travelled" kwa mbili. Kabla ya l hiyo kuna irabu mbili, kama kwenye "sailed" na "failed", na zikiwa mbili l haiongezwi.

Mwalimu wa Kiingereza,
Malindi